Fred Winter, kutoka tandikoni hadi zizini
Nimetazama tena picha za zamani za mbio za Auteuil, Paris, za mwaka 1962, ambamo lijamu (kipande cha mdomoni kinachoshikana na hatamu) ya farasi Mandarin ilikatika mapema na mpandaji wake Mwingereza, Fred Winter, akiwa hana tena namna ya kumwelekeza kwa hatamu, akamwongoza kwa miguu na uzito wa mwili hadi wakashinda kwa tofauti ya kichwa tu. Bado nashindwa kuamini. Alipostaafu mwaka 1964 aliomba kazi ya kutoa ishara ya kuanza mbio, akakataliwa (bahati iliyoje!), ndipo akafungua zizi Lambourn, Uingereza, na farasi aliowafunza, Jay Trump na Anglo, wakashinda Grand National, mbio maarufu za farasi za kuruka vizuizi nchini Uingereza, ya 1965 na ya 1966, mbio ambazo yeye mwenyewe alikwisha kuzishinda mara mbili akiwa mpandaji.