Tumetoboa grini, mgongo si wangu

Wadau, kama mmeona nimekuwa kimya wiki hii ni kwamba tulikuwa tunatoboa grini, zile sehemu za nyasi fupi kabisa zenye shimo la kuingizia mpira wa gofu. Niko Ohio, kibarua kwenye uwanja wa gofu, mwaka wa tatu huu, na kila mwisho wa Agosti hii shughuli lazima ifike, saa 11 alfajiri ushalowa umande mpaka magotini.

Mwaka wa kwanza nilijua bosi kachanganyikiwa. Nyasi tunanyoa mpaka milimita 3 hivi, utasema kapeti, kiangazi kizima tumezibembeleza, halafu analeta mashine ina mirija ya chuma inapanda inashuka kama cherehani, tundu, tundu, tundu, upana wa kidole, kina sentimita 7 au 8, grini nzima chujio! Namuuliza ananiambia udongo umekosa hewa. Sikumwelewa mpaka nilipokumbuka uwanja wetu wa shule ya msingi, pale mbele ya goli, masika inyeshe vipi nyasi haioti, maji yanatuama tu. Ndo yaleyale. Watu wanakanyaga kutwa, mashine ya kukata inapita kila asubuhi, udongo unashindiliwa, mizizi inabaki juujuu, fangasi nao wanasherehekea. Na chini ya majani kuna tabaka la mabua na mizizi iliyokufa, linashika maji kama godoro, nalo linapungua humohumo tukitoboa.

Kutoboa kwenyewe ni kazi ya mashine, sisi wa nyuma ndo tunakiona. Udongo unatoka vipandevipande kama chaki, unazoa na beleshi, unarudi na mchanga, unamwaga, unaburuta brashi mpaka matundu yajae. Mchanga uwe mkavu, ukilowa hauingii ng'o, kwahiyo siku ya pili kulivyodondoka vimanyunyu tulikaa tunaangalia anga kama wakulima. Grini 18 na ile ya mazoezi, aisee.

Wachezaji ndo usiseme. Kuna mzee ananisalimiaga vizuri kila siku, juzi mpira wake umedundadunda kwenye matundu akanikata jicho kama mimi ndo niliyebuni. Nikamwambia wiki 2 tu mzee, na ni bora sasa hivi, joto likipungua hizi nyasi zinakua upya, tukichelewa baridi itakuta vidonda viko wazi. Akaguna.

Leo nimepita, ya kwanza ishaanza kuziba. Ila ya 14 iko chini ya miti, kivuli muda wote, matundu bado yananichungulia, kesho naipelekea mchanga tena.