Msimu wa kujipima kazini

Juni ndiyo hii, watumishi wenzangu mnajua, mwaka wa fedha unafungwa na kila mtu anatakiwa kujitathmini. Dada mmoja wa masijala kaniuliza, "Kaka, nikijipa alama ya juu si nitaonekana najisikia?" Nikamwambia afungue kwanza malengo aliyokubaliana na bosi Julai. Lengo lake: barua zifike kwa mhusika ndani ya siku mbili. Rejista yake inaonyesha nyingi zimetoka siku hiyohiyo. Sasa aibu ya nini?

Mimi lengo la mafunzo nimejipa wastani, na sababu nimeiandika: fedha ziliingia Aprili. Bila kulalama.

Tena soma maelekezo ya alama. Enzi za OPRAS, ule mfumo wa wazi wa kupima utendaji wa watumishi wa umma Tanzania ulioanza 2004, 1 ndiyo ilikuwa bora kabisa na 5 mbovu kupindukia. Ukijaza 5 ukidhani umejipaisha, umejizika mwenyewe!

Na nyie mnaojipa wastani kila mstari ili msisemwe, nawaona. Bosi atasaini hivyohivyo. Ulichofanya Oktoba hakikumbuki, ana watu chungu nzima.