Siku moja maishani mwangu: seva ziko Ujerumani, mimi ninayezitunza niko Mlandege, Zanzibar

Saa 2:00 asubuhi. Chai baadaye, kwanza bekapu ya usiku. Natazama ukubwa wa faili, si neno "imefaulu". Ukiandika `pg_dump hoteli | gzip > hoteli.gz` (ya kwanza hunakili hifadhidata, ya pili huibana) na hifadhidata ikakataa nywila, `gzip` humaliza kazi yake salama na kurudisha 0, yaani "nimefaulu". Unabaki na faili la baiti 20: gunia tupu lililoshonwa vizuri. Dawa ni `set -euo pipefail` juu kabisa ya kila skripti ya bash: amri moja ya mnyororo ikifeli, skripti inasimama.

Saa 3:30. Diski. Baada ya `df -h`, inayopima nafasi, napiga na `df -i`, maana seva inaweza kulia kuwa imejaa na huku nafasi ipo tele. Zilizokwisha ni ainodi, yaani nafasi za kusajili faili (kila faili hula moja), zimeliwa na faili ndogondogo za kache.

Saa 5:00. Kupandisha toleo jipya la mfumo wa buking wa hoteli za Nungwi na Paje. Kila toleo lina folda yake yenye tarehe. `current` ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye folda inayotumika. `ln -sfn`, amri ya kuunda kiungo, siitegemei peke yake: matoleo yake ya zamani hufuta kiungo kilichopo ndipo yaunde kipya, na ombi likiingia hapo katikati halikuti kitu. Unda `current.mpya`, kisha `mv -T current.mpya current`, hapo kinabadilika kwa mkupuo. Halafu `nginx -t` kukagua mipangilio ya nginx, programu inayohudumia tovuti, `systemctl reload nginx` kuipakia upya, na `curl -fsS` kujaribu ukurasa wa malipo. Bila `-f`, curl hurudisha 0 hata ukurasa ukitoa 500, yaani kosa la seva. Ikifeli, skripti inageuza kiungo kurudi toleo la jana. Hifadhidata hairudi hivyo, kwa hiyo safu ya zamani ya jedwali haifutwi mpaka toleo linalofuata.

Yote haya ndani ya `tmux`, inayoendelea na kazi kule kwenye seva hata mtandao wangu ukikatika. Umeme ukikatika, ruta huzima, na skripti iliyofungwa kwenye SSH, njia ya kuingilia seva kwa mbali, hufia njiani.

Saa 6:30. Leo Ijumaa, watu wanajiandaa na swala. Hakipandishwi kitu.

Saa 9:00 alasiri. Kupitia kroni, yaani ratiba za kazi zinazojiendesha, za kijana mpya. Kazi ya saa nane usiku kaiandika `0 8 * * *`. Seva inasoma UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele, basi ingeondoka saa tano asubuhi, wageni wakiwa wanalipa. Sahihi ni `0 23 * * *`, na jina la faili litabeba tarehe ya jana. Nimemwongezea `flock -n`, kufuli la kazi, mbele ya amri, kazi ya leo isije ikaikanyaga ya jana ambayo haijamaliza.