Vito sitini

Jumapili, saa nne usiku.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, na barabara ya Jangwani imefungwa, kama kawaida yake Mto Msimbazi ukijaa. Sikwenda popote. Nimeshinda sakafuni na mpwa wangu tukicheza PlayStation ya kwanza, ile ya kijivu, niliyoinunua mtumba Kariakoo mwezi uliopita. Pedi mbili, moja kitufe cha mraba kinanata. Memori kadi moja. Diski moja: Spyro the Dragon.

"Anko, mbona picha ina vipandevipande?"

Nikamwambia gemu hii ni ya 1998, imemzidi umri hata mama yake mdogo. Akacheka, ila pedi hakuiachia.

Mimi na Spyro tulikutana banda la gemu, Magomeni. Tivi nne za chogo. Tatu zilikuwa za mpira na ngumi kutwa nzima, maana hizo ni gemu za watu wawili: ukifungwa unaachia pedi, mwingine anakaa. Kulipa hela ili uzunguke peke yako na kajoka ka zambarau, wenzangu waliona ni wazimu. Mwenye banda alikuwa ananiweka tivi ya pembeni, iliyokuwa inavuta ukijani. Mia mbili, nusu saa. Memori kadi ilikuwepo, lakini ilijaa mpira, kwa hiyo kila siku nilianza upya.

Ndiyo maana ulimwengu wa kwanza, Artisans, naujua kama uchochoro wa kwetu. Nyasi, anga la jioni, na majoka makubwa yaliyogeuzwa sanamu na mbabe mmoja anayeitwa Gnasty Gnorc. Ukiigusa sanamu inapasuka, joka linatoka, linakupa neno moja mawili, wakati mwingine asante tu, kisha linatoweka. Gemu nzima yako 80. Mwenye puto hakuvushi kwenda ulimwengu wa pili mpaka uwe umefungua 10. Nikikimbia bila kupepesa macho nilifikisha kumi, nikapanda puto, nikaliona jangwa la Peace Keepers, nikasikia nyuma yangu: "Dogo, muda."

Vitufe havina mambo mengi. Duara anatema moto, mraba anapiga pembe, eksi anaruka, eksi tena akiwa hewani anafungua mabawa. Lakini hapai. Anaelea huku akishuka, basi, kwa hiyo ukitaka kufika mahali lazima kwanza utafute pa juu zaidi, ndipo ujirushe. Gemu ya pili, ya 1999, ilimwongezea kujiinua kidogo mwisho wa kuelea. Inasaidia, sikatai. Mimi naona ni kumdekeza.

Hata afya yake hawakuichorea mstari wala namba. Kuna kereng'ende anayemfuata, Sparx. Akiwa wa dhahabu uko salama. Ukipigwa anakuwa bluu, kisha kijani, kisha huna kereng'ende. Ukichoma kondoo anatoka kipepeo, kereng'ende anakula, rangi inarudi. Mpwa wangu ameyaelewa hayo yote bila mimi kufungua mdomo.

Lakini kilichonishika tangu utotoni ni kule mbali. Gemu nyingi za mashine ile zilificha mbali kwa ukungu au kwa giza, kwa sababu mashine haikuweza kuchora vyote kwa wakati mmoja. Hapa unapanda ukutani, unaona bonde zima mpaka mnara wa mwisho. Nimekuja kusoma ukubwani jinsi watu wa Insomniac, walioitengeneza gemu hii, walivyofanya: kitu cha mbali kinachorwa kirahisi, rangi tupu, na ukikaribia kinabadilishwa na kile chenye undani. Leo nimemwonyesha mpwa. Tumeutembelea mnara polepole, hatua kwa hatua, mpaka ukuta uliokuwa rangi moja ukaota mawe. Akarudi nyuma, mawe yakapotea. Akaenda mbele, yakarudi. Tumefanya hivyo mara sita, nadhani, tukasahau kucheza.

Kwetu Magomeni nilikuwa nayaona maghorofa ya Kariakoo ng'ambo ya bonde. Mama alikuwa na sheria moja tu isiyojadiliwa: Jangwani usivuke peke yako. Basi niliyaona kila siku, na kuyafikia mpaka mtu mzima awe na safari. Kwa Spyro nikiona mnara, naenda.

Muziki, kumbe, sikuwahi kuusikia. Bandani ulizamishwa na kelele za magoli. Umetungwa na Stewart Copeland, mpiga ngoma wa The Police, na leo nimesikia kwa nini miguu yangu ilikuwa inatikisika zamani bila sababu. Au labda ilikuwa njaa, maana ile mia mbili ilikuwa ya maandazi.

Banda lenyewe lilikufa na mgawo wa umeme wa 2006. Sasa ni saluni.

Jioni tukaingia Stone Hill, sehemu mojawapo ya Artisans, kumfukuza mwizi wa yai, yule mwenye joho anayezunguka juu ukingoni huku akikuzomea. Mpwa akasimama ghafla, akaninyooshea kidole kwenye tivi.

"Pale panafikika?"

"Jaribu."

Akaruka, akaishia chini.

"Umeruka mapema."

"Usinishikie! Nimeshapajua."

Amelala sasa, mdomo wazi, pedi inayonata iko tumboni kwake. Kadi imehifadhi kila kitu. Tuna vito 1,140, vile tunavyookota njiani, na puto la kwenda Magic Crafters, ulimwengu wa tatu, nisikowahi kufika, linataka 1,200. Kesho kazini saa mbili asubuhi. Vito sitini tu.