Siku moja maishani mwangu: wimbo wa kodi, Juni 25

Nikisema mimi ni mtunzi, watu huuliza nimetoa ngoma gani. Sijatoa yoyote. Huwatungia wanafunzi nyimbo za kwaya za tamasha la muziki, tena mada hupewa. Mwaka wa 2024, shule moja kando ya Thika Road, Kenya, ilinipa mada ya kodi ya serikali.

Saa 11 alfajiri: naandika solfa, yaani noti za do, re, mi, za sauti nne kwenye kinanda. Saa 2 niko shuleni. Soprano na besi wanaelewa upesi.

Saa 4 na nusu: Madam wa muziki ananivuta kando. Mwalimu Mkuu ameusoma ubeti wa tatu: "Kodi yangu, mkate wa kesho." Mkate utoke. Wiki iliyopita serikali imeondoa kwenye Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, pendekezo la VAT ya asilimia 16 kwa mkate, na kila tukifika hapo alto wanacheka. Sawa, lakini neno jipya lazima liwe na silabi tatu, mkazo katikati, la sivyo mdundo unavunjika. Hili ndilo watu hawalioni: kazi yangu ni kupima maneno. "Elimu?" Madam anaenda ofisini, anarudi. Hapana, mgomo wa walimu wa JSS, sekondari ya msingi, haujasahaulika. Afya nitaivuta noti moja zaidi? Madaktari nao wamegoma siku 56 mwaka huu huu. "Barabara?" Silabi nne, lakini nitazibana. Madam mwenyewe anacheka. Vijana wote wako barabarani leo, wanaupinga mswada huo.

Mchana wanafunzi wa kutwa wanaruhusiwa mapema. Naingia nyumbani kwa miguu. Wabunge wameupitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106, kisha waandamanaji wameingia Bunge. Rafiki yangu mpiga gitaa yuko huko na hapatikani kwa simu. Mimi nimekaa kwenye kinanda natafuta silabi tatu. Nimechoka, nina hasira, na bado nalitaka hilo neno.

Msingi. "Kodi yangu, msingi wa kesho." Madam anasema hilo halina mwenyewe, linapita.

Jioni intaneti inalegea, rekodi ya alto haiendi WhatsApp. Basi namwimbia Madam kwa simu, mstari kwa mstari, yeye akiandika: mi, re, do. Katikati inaingia SMS ya rafiki yangu: yuko salama, macho yanawasha. Tunarudia teno hadi sauti inakauka.

Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia mswada sahihi. Madam akapiga: Mwalimu Mkuu anauliza kama mkate unaweza kurudi.