Siku moja maishani mwangu: Mabwawa ya maji taka na matuta ya mchicha, Tabora

Saa 12 asubuhi
Agosti hapa Tabora ni vumbi na upepo mkavu. Mvua tunaitegemea mwezi wa kumi na moja, na mboga haiwezi kusubiri mpaka huko. Ndiyo maana maji yanayotoka kwenye mabwawa yetu yana wenyewe: wakulima wa bustani za bondeni.

Kazi yangu ni kuyatunza mabwawa hayo, na asubuhi naanza kwa kuyazunguka. La kwanza ni refu kwenda chini, maji meusi, harufu kali. Humo tope linazama na bakteria wasiohitaji hewa wanalimeng'enya. La pili ni pana, kina chake kama mita moja na nusu. La mwisho ni mita moja tu, ili jua lipenye. Nachota maji yake kwenye gilasi: kijani. Wageni hushtuka, ila mimi nikiikosa rangi hiyo ndipo napata wasiwasi. Mwani ule ukipigwa na jua la mchana hunyonya kaboni dayoksaidi, pH (kipimo cha uchachu na ualikali wa maji) inapanda hadi kupita 9, na bakteria wa kinyesi hawaivumilii hali hiyo.

Mayai ya minyoo ni habari nyingine. Jua peke yake haliyamalizi upesi, na yakishaingia udongoni yanaweza kukaa miaka. Dawa yake ni kuyapa maji muda wa kutulia siku nyingi bwawani, mayai yazame yabaki kwenye tope. Kwa hiyo sikubali mtu afungulie maji haraka kwa sababu foleni ya wakulima ni ndefu.

Saa 2
Sampuli. Chupa safi ya maabara, boksi la barafu, bodaboda. Lazima ifike mapema, ikichelewa majibu hayaaminiki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 uliweka kikomo cha yai 1 la minyoo kwa lita. Ule wa 2006 ulishauri kushuka hadi 0.1 pale watoto chini ya miaka 15 wanapogusana na maji hayo.

Saa 3
Hapa ndipo siku yangu ilipo. Nashuka bondeni. "Mwangaluka!" Wanaitikia huku wameinama. Naangalia miguu kwanza: buti zipo? Kisha mikono: glavu? Kisha naangalia maji yanapomwagwa. Anayepitisha maji kwenye mfereji katikati ya matuta, jani lake linabaki kavu. Anayemwaga kwa keni kutoka juu, kila kilichomo majini kinakaa kwenye jani, na matone yanarusha udongo juu yake. Mahindi na migomba haina shida sana, ila mchicha uko chini kabisa. Karoti na kachumbari yote tumekubaliana zisipandwe hapa.

Kwenye matuta ya mwisho nakuta mama mmoja ameshika keni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Majani nayapa maji kidogo tu, wanakuja kuchukua kesho asubuhi. Yakinyauka nani atanunua?"

Namwelewa. Hela ya daftari za wajukuu inatoka kwenye tuta hilo. Lakini siku za mwisho bila kumwagilia kabla ya kuvuna ndizo kinga yetu kubwa: jua na ukavu vinaua bakteria na virusi vingi vilivyobaki kwenye jani, kila siku inayopita ina faida. Keni moja ya leo inaturudisha mwanzo. Tukakaa chini ya mwembe tukahesabu. Mnunuzi apewe tuta la jirani lililofungiwa maji tangu Jumapili, lake livunwe Ijumaa, na jirani atamrudishia zamu. Akaiweka keni chini. Haikuwa rahisi kwake, na ninamheshimu kwa hilo.

Saa 7 mchana
Sabuni, maji ya bomba, kisha ugali na nsansa, mboga za majani zilizokaushwa, ya karanga. Buti zinabaki nje ya banda.

Saa 9
Watoto wametoka shule, wanataka kusaidia. Nawapeleka juu kwenye kivuli, mbali na mifereji. Watachambua mboga iliyokwisha kuoshwa.

Saa 11 jioni
Wachuuzi wanafika. Zamani mafungu yalisuuzwa mferejini yang'ae, na kazi yote ya wiki ikaharibika pale kwa dakika mbili. Sasa kuna tenki la maji ya bomba getini. Dada mmoja mwenye genge akaniuliza tuta hili limefungiwa maji lini. Nikafungua daftari, akasoma tarehe mwenyewe, akachukua mafungu mawili. Nikamwomba awaambie wateja wake waoshe tena nyumbani kwa maji safi, na wapike mpaka yachemke vizuri.