Mjomba kwenye Mto Test

Kabla hajapanda ndege kuja kunitembelea Winchester, Uingereza, mwaka 2016, mjomba wangu alikuwa ameongoza wavuvi wengi kwenye mito ya milima ya Aberdare, Kenya. Kazi yake ilikuwa kubeba wavu, kuwaonyesha wageni samaki aitwaye trauti amelala nyuma ya jiwe gani la Mto Gura, na kutega sikio kwa ajili ya nyati. Trauti wa kule asili yao ni Uingereza. Mayai yaliletwa kutoka Scotland mwaka 1905. Kwa hiyo mwenzangu wa kazini aliponialika kuvua Mto Test, karibu na Stockbridge, nilimwomba nafasi yangu ampe mjomba. Mimi ningeshika wavu.

Test hauna kelele. Maji yake yanachipuka kutoka kwenye mwamba mweupe wa chokaa, ni maangavu kiasi kwamba unahesabu changarawe. Mjomba alitazama nyasi zilizofyekwa ukingoni, akatazama benchi la kukalia, akaninong'oneza, "Hapa watu wanavua au wanachumbiana?"

Saa nane mchana meiflai wakaanza kutoka. Mdudu huyu hukaa kwenye matope ya mto karibu miaka miwili, hana mabawa, hana haraka. Kisha siku moja mwishoni mwa Mei au mapema Juni hupanda hadi juu, hujivua ngozi palepale majini na kuruka. Akishapata mabawa hali tena, mdomo wake haufanyi kazi. Kilichobaki ni kupandana, kutaga na kufa. Mmoja alitua kwenye kofia ya mjomba, mabawa yamesimama kama tanga, rangi ya maziwa yenye ukijani kwa mbali, nyuma mikia mitatu myembamba.

Waingereza husema majuma haya mawili hata asiyejua kuvua hupata. Sikubaliani nao hata kidogo. Wadudu wakiwa maelfu, nzi wako bandia, ile ndoana iliyofungwa uzi na manyoya, ni mmoja tu katika umati, na samaki hana sababu ya kumchagua yeye. Mwenyeji wetu alirusha vizuri, akielekea mkondo unakotoka kama sheria za pale zinavyotaka, nzi akaelea mkavu. Trauti wakala kulia kwake, wakala kushoto kwake. Akabadilisha nzi, ikawa yaleyale. Akampa mjomba ufito.

"Ngoja kwanza nione wanakula nini," mjomba akasema, akauweka chini.

Alikaa muda mrefu, mimi nikianza kuona aibu kwa ajili yake. Mimi niliona samaki wanakula, basi. Yeye alikuwa anatafuta mapovu. "Mwangalie yule chini ya mti. Amekula, povu liko wapi? Akimdaka mdudu aliye juu ya maji humeza na hewa, povu likabaki. Huyu anawala wale ambao hawajamaliza kuvua koti." Nikatazama tena. Mgongo ulichomoza, ukafuatwa na mkia. Mdomo haukuonekana kabisa. Waliokwisha kukunjua mabawa walipita juu yake salama.

Kwetu angefunga Kenya Bug, nzi bandia wa kuzama, na kumwacha azame. Hapa nzi wa kuzama ni marufuku. Akaomba kimkasi. Alichukua meiflai mmoja bandia, akamgeuza chali, akanyoa manyoya yote ya upande wa tumbo, yale yanayomwinua juu ya maji. Mwenyeji alikunja uso, maana nzi wale si wa bei rahisi. Lakini alipojaribiwa ukingoni, tumbo lilizama na mabawa yakabaki nje. Alikuwa bado nzi mkavu, yaani wa kuelea, au tuseme nusu mkavu.

Mjomba alimtua nzi mbele kidogo ya samaki, upande mkondo unakotoka, mshipi ukiwa umelegea ili mkondo usimburute, kwani nzi akiburutwa hata kidogo trauti humkataa. Mgongo ukachomoza. Mjomba hakukurupuka, alingoja samaki ainamishe kichwa, ndipo akainua ufito.

Alikuwa trauti wa kahawia, madoa mekundu ubavuni, mzito kuliko wengi niliowaona Nyeri. Nilimkinga kwa wavu bila kumtoa majini. Mjomba akalowesha kiganja, akachomoa ndoana, akamshika kichwa kikielekea mkondo unakotoka mpaka alipopiga mkia mwenyewe. Mwenyeji akaomba kimkasi chake, na yule nzi pia.

Njiani mjomba akataka kujua bei ya kuvua pale kwa siku. Nilimtajia nusu yake. Akaigeuza kuwa shilingi kimoyomoyo.

"Na samaki mnamrudisha?"

"Tunamrudisha, mjomba."

"Waambie waje kwetu. Nyati tutawaonyesha bure."